Kinoo Kidogo Chatosha Wembe

Anayenunua wembe wa kukunja kwa mara ya kwanza hupiga hesabu ya wembe, brashi na sabuni, akadhani amemaliza. Wiki chache baadaye wembe unaanza kuvuta ndevu badala ya kuzikata. Anaulizia jiwe la kunolea, anatajiwa bei, na papo hapo anazikumbuka nyembe za kutupa. Jiwe la asili linalofaa wembe, lililochongwa mstatili, refu na pana, laweza kumgharimu kuliko wembe wenyewe. Mtu huyo nina neno naye: mawe makubwa awaachie wanaokusanya mawe, yeye atafute kipande. Kipande kisichozidi urefu wa kiganja, hata kikiwa cha pembe tatu au cha umbo lisilo na jina, maadamu kimetoka kwenye mwamba mzuri, kitampa makali yale yale. Kitakachotakiwa kubadilika ni mkono wake.

Tuanze na vipimo, maana ndivyo vinavyoondoa hofu. Ubapa wa wembe wa kawaida una urefu wa milimita 75 hivi. Mawe ya wembe yanayohesabiwa kuwa makubwa yana upana wa milimita 40 hadi 60. Kwa hiyo hata mwenye jiwe la bei hawezi kuulaza wembe wote juu yake kwa mara moja. Naye analazimika kuupitisha mshazari, aanzie kisiginoni, upande wa mpini, amalizie nchani, ili makali yote yapate kuguswa. Mwenye kipande cha milimita 35 anafanya jambo lile lile, ila mshazari wake umelala zaidi.

Kuna na faida ambayo muuzaji wa mawe makubwa hatakuambia. Nyembe nyingi za zamani hazijanyooka. Nyingine makali yake yana tumbo, nyingine ubapa umepinda kidogo tangu kiwandani, au umepindishwa na miaka ya kunolewa na mikono tofauti. Jiwe pana likikutana na wembe wa namna hiyo hunoa palipotuna na kuruka palipobonyea. Jiwe jembamba hugusa sehemu ndogo kwa wakati, likaufuata mpindo ulivyo. Kwa wembe uliopinda, mimi ningechukua kipande chembamba hata kama kikubwa kingekuwa cha bure.

Jambo la pili linalomsaidia mwenye jiwe dogo ni umbo la wembe wenyewe. Kisu cha jikoni kinakulazimisha uishike pembe kwa mkono, na mkono huchoka. Wembe hauna shida hiyo. Mgongo wake ni mnene, makali ni membamba, na vyote viwili hulala juu ya jiwe kwa pamoja. Chukua wembe wenye upana wa milimita 16 na mgongo wa milimita 4.5: ukiulaza, pembe ya makali yake ni nyuzi 16 hivi, yaani nane kila upande, na itabaki hivyo maadamu hujauinua mgongo. Fundi wa Solingen au Sheffield aliyeutengeneza alikwisha kukupangia pembe. Wewe usimharibie kazi.

Jiwe ambalo ningemshauri mwanzaji aanze nalo ni coticule ya Ubelgiji. Linatoka kwenye vilima vya Ardennes, pande za Vielsalm, Salmchâteau na Lierneux. Mwamba huu ulianza kama tope la chini ya bahari, miaka milioni 480 hivi iliyopita, kisha ukabanwa na kupashwa joto ardhini hadi ndani yake zikajengeka chembe za garneti yenye manganizi, zimeshikwa na madini laini ya jamii ya ulanga. Garneti hizo ni ndogo mno, nyingi ni za maikromita 5 hadi 15. Mtu aliyezoea namba za mawe ya kiwandani akisikia maikromita 10 atasema hilo si jiwe la kumalizia wembe. Angekuwa na haki kama chembe zingekuwa na ncha kali. Lakini garneti imekaa kimviringo, ina nyuso nyingi, na inapopita juu ya chuma huacha mifereji isiyo na kina. Huko ndiko unakotoka upole wa makali ya coticule ambao wanyoaji wengi huusifu.

Kwa nini vipande vidogo viwe vingi? Kwa sababu tabaka la coticule ardhini ni jembamba, mara nyingi la sentimita chache tu, limebanwa katikati ya mwamba wa buluu iliyokolea na lina nyufa nyingi. Mchimbaji anayetafuta mstatili safi hupata michache na mabaki tele. Mabaki hayo ndiyo wauzaji wanayoyaita bout, na huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu ya sura tu. Ni mwamba ule ule, tabaka lile lile, isipokuwa kona moja haikufika. Mara nyingi upande wa njano umeshikamana na wa buluu. Wa buluu nao una garneti, lakini chache zaidi, na hufanya kazi polepole. Nunua kwa ajili ya njano.

Wasomaji wetu wanaoishi Brussels wana bahati ya ziada. Soko la vitu vya zamani la Place du Jeu de Balle hufunguliwa kila siku, na si mbali na Matonge, mtaa ambao Wakongo wengi wanaujua. Tangu King C. Gillette aanze kuuza wembe wake wa kubadilisha kisu mwaka 1903, vinoo vya vinyozi vilianza kukosa kazi kidogo kidogo, vikalala masandukuni pamoja na tupa na randa za marehemu mafundi. Haishangazi kukikuta kimoja kimepakwa mafuta meusi, bei yake ni ya kitu ambacho muuzaji hakijui. Kisafishe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Usikichemshe: vinoo vingi vya zamani viliunganishwa na kibao cha mwamba wa buluu kwa gundi, na gundi hiyo huachia kwenye joto.

Coticule si jiwe pekee. Wajerumani walikuwa na mawe ya Thuringia, yaliyouzwa na kampuni ya Escher ya Sonneberg, membamba na laini, ambayo leo hutafutwa kama dhahabu na bei zake zimekuwa za dhahabu. Wajapani wana mawe ya milima ya Kyoto, na vipande vyao visivyo na umbo huitwa koppa. Hayo ni mazuri kupita kiasi, ila yanatofautiana sana jiwe kwa jiwe, na kwa mwanzaji kutofautiana ni adui. Marekani kuna novakulaiti ya Arkansas, karibu silika tupu, ngumu, yenye subira kuliko mwenye nayo. Mwenye jiwe moja kati ya haya asilitupe kwa sababu nimesifu la Ubelgiji. Asiye na kitu aanze na coticule, kwa sababu jiwe hilo moja linaweza kufanya kazi ya kati na ya kumalizia, jambo ambalo mengine machache huliweza.

Tahadhari mbili sokoni. Kijiwe cha kinyozi kilicho mstatili kamili, kimepigwa muhuri wa jina, kama vile Swaty, ni cha kutengenezwa kiwandani. Si kibaya, lakini hukata haraka na hakihitaji tope nitakalolieleza mbele, kwa hiyo maelezo yanayofuata hayakihusu. Pili, kile kinoo tunachonolea panga na jembe, kilichookotwa mtoni, ni jiwe la mchanga. Chembe zake unaziona kwa macho. Wembe ukipita hapo mara tatu utakuwa msumeno. Jiwe usilolijua lijaribu kwanza kwa kisu kidogo, na makali yake uyatazame kwa lenzi.

Ukishapata kipande chako, usikimbilie wembe. Kitazame dhidi ya mwanga: weka ukingo wa rula ya chuma juu yake, mwanga ukipenya katikati ujue kimebonyea. Vipande vya zamani vimebonyea karibu vyote. Tandika msasa wa majini wa namba 220 juu ya kioo kinene au kigae kilichonyooka, mwagia maji, chora mistari ya penseli juu ya jiwe lote, kisha lisugue kwa mkono mwepesi, ukiligeuza mara kwa mara. Penseli ikifutika kila mahali, hamia namba 400, kisha 600. Fanya kazi yote ikiwa majimaji, maana vumbi kavu la mawe haya halifai mapafu. Halafu, na hili wengi hulisahau, zungusha kingo zote za juu kwa msasa hadi ziwe na mviringo wa milimita mbili au tatu. Kwenye jiwe kubwa ukingo mkali ni kero. Kwenye jiwe dogo ni hatari kwa wembe, kwa sababu makali yanavuka ukingo huo kila unapokwenda na kila unaporudi. Kona moja kali huchora mkwaruzo au hung'oa kipande cha makali, na utahangaika saa nzima ukitafuta kosa kwenye mkono wako.

Jiwe lisilo na umbo huwa na upande wake mzuri. Lizungushe mezani mpaka uone njia ndefu kuliko zote ambayo wembe unaweza kupita bila kukutana na pembe. Weka alama ya kalamu ubavuni, na kila siku ulitumie likiwa limeelekea hivyo. Mkono hujifunza haraka njia isiyobadilika.

Je, ulishike mkononi au uliweke mezani? Vinyozi wengi wa zamani walilishika mkononi, na baada ya muda utaona ni rahisi, kwa sababu mikono miwili husikilizana. Ila sharti moja halina mjadala: vidole vinavyolishika vibaki chini ya uso wa jiwe, vikibana ubavu wake, kamwe visichungulie juu. Kipande chembamba sana kigundishe kwenye kibao cha mbao kilichokauka vizuri upate pa kushika. Wanaoanza waweke jiwe juu ya kitambaa kilicholowa, ukingoni mwa meza, ili vifundo vya vidole visigonge ubao.

Na nguvu? Ipunguze kuliko unavyofikiri. Mkandamizo ule ule wa mkono ukimwagwa juu ya eneo dogo huwa mkali zaidi kwa kila milimita ya makali. Anayehama kutoka jiwe pana kwenda kipande chembamba bila kubadilisha uzito wa mkono huyala makali katikati, wembe ukaanza kubonyea. Uzito wa wembe wenyewe, pamoja na kidole kimoja kinachouzuia usiinuke, vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Sasa tope. Hapa ndipo coticule inapojipambanua na mawe mengine. Mwagia jiwe maji kidogo, chukua kijiwe kidogo cha coticule kinachouzwa kwa kazi hiyo, sugua juu ya kinoo kwa mduara hadi upate ute mweupe wenye uzito wa maziwa. Ndani ya ute huo kuna garneti zilizong'oka, sasa ziko huru kuviringika, nazo hukata chuma kwa kasi kuliko zilizofungwa ndani ya jiwe. Laza wembe, makali yakitangulia, uende na kurudi upande mmoja mara 20 au 30 kwa mshazari mfupi, kisha uugeuze kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake, kamwe usiuzungushe juu ya makali. Upande wa pili idadi ile ile. Tope litaanza kuwa la kijivu: hicho ni chuma chako. Rudia hadi wembe unyoe nywele za mkono karibu na ngozi bila kusita, kuanzia kisiginoni, katikati, hadi nchani. Ikiwa sehemu moja inasita, kazi haijaisha, na hatua zinazofuata hazitaikamilisha. Wengi hushindwa hapa kwa kuwa na haraka ya kufika kwenye maji safi.

Lakini garneti zilizo huru zina tabia nyingine. Makali yanapopasua tope, chembe hizo huyagonga usoni, zikayafanya butu kidogo huku ubavu ukiendelea kunolewa. Kwenye tope zito, basi, makali hufika kiwango fulani yakakwama, hata ungeendelea hadi usiku. Dawa yake ni maji. Dondosha tone moja au mawili kwa kidole, tope lipungue uzito, upitishe wembe mara 15 hivi kwenda na kurudi, kila upande kwa zamu. Dondosha tena. Kila mara ute unakuwa mwepesi, garneti huru zinapungua, nazo zilizofungwa kwenye jiwe zinashika usukani. Usifanye pupa ya kumwaga maji mengi kwa mara moja, na usiache jiwe likauke katikati ya safari, kwani likikauka tope hurudi kuwa zito na utakuwa umerudi nyuma. Jiwe dogo lina shida yake hapa: uso wake haubebi maji mengi, na sehemu hutiririka ubavuni kila wembe unapopita. Weka bakuli la maji karibu, kidole kikiwa tayari. Kwa upande mwingine tope kidogo hupunguka haraka, na mwenye kipande humaliza hatua hii kabla ya mwenye jiwe kubwa.

Safari inaishia kwenye maji matupu. Suuza jiwe na wembe, weka maji safi, upitishe wembe mara 30 hadi 50 kwa mshazari kamili, bila uzito wowote zaidi ya wake. Utaanza kuona dalili ambayo naiamini kuliko zote: maji yaliyo mbele ya makali yanapanda juu ya ubapa badala ya kusukumwa mbele. Makali yakiwa butu huyasukuma maji. Yakiwa makali huingia chini yake. Dalili hiyo ikionekana nchani na isionekane kisiginoni, unajua pa kurudi. Baadhi ya vipande hutoa makali laini zaidi chini ya bomba linalotiririka taratibu, vingine havioni tofauti. Kijue chako, na ukishakijua usibadilishe badilishe.

Kuhusu ukanda wa ngozi nitasema kidogo tu, kwa sababu wenye nyembe wengi wanao. Mgongo unatangulia, makali yanafuata, kinyume cha jiwe. Mara 20 juu ya kitambaa cha kitani, kisha mara 50 au 60 juu ya ngozi safi isiyolegea. Ukanda uliolegea hukunja makali uliyoyahangaikia.

Wembe ukitoka hapo, nyoa. Kipimo cha unywele unaoning'inia, ambao watu hupenda kujionyesha nacho, hudanganya kwa nywele ngumu na kwa nywele laini kwa namna tofauti, na kwa nywele zetu zilizojikunja hudanganya zaidi. Shavu halidanganyi. Kwa wenye ndevu za mkunjo wanaosumbuliwa na vipele, makali ya coticule yana faida ya kutokwangua ngozi, lakini hayaponyi vipele. Nyoa baada ya kuoga, kwa kufuata ndevu zilivyolala, pitisha wembe mara moja tu, usivute ngozi kwa nguvu wala usitafute ulaini wa mtoto mchanga. Unywele uliokatwa chini ya ngozi ndio unaorudi ndani na kuleta kipele, na wembe mkali zaidi hukata chini zaidi ukiuachia.

Wembe huu ni wa mtu mmoja. Usimwazime ndugu wala rafiki, kwa sababu damu isiyoonekana kwa macho inatosha kubeba homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Kinyozi anayehudumia watu aendelee na kishikio cha wembe wa kutupa, kisu kipya kwa kila kichwa. Ukinunua wembe wa mitumba, usafishe kwa sabuni na uufute kwa spiriti kabla haujagusa jiwe lako, ila mpini wa pembe au wa seluloidi usiuloweke. Na ile methali ya mtoto akililia wembe mpe, nyumbani kwako ipumzike.

Makali yakishapatikana hayahitaji kurudia yote haya. Kwa anayenyoa siku mbili tatu kwa wiki, mara 20 juu ya jiwe lenye maji matupu kila baada ya wiki kadhaa hurudisha ukali. Tope ulirudie pale maji peke yake yanaposhindwa. Usilihamishe jiwe baina ya maji na mafuta: coticule yako ni ya maji. Halihitaji kulowekwa, lisuuze, lifute, lianike kivulini kwa kusimama kwa ubavu. Kila baada ya miezi michache chora tena mistari ya penseli na uupitishe msasa wa 600, kwa sababu kipande kidogo hubonyea mapema, nyayo za wembe zikiwa zinapita mahali pale pale. Kikishakuwa chembamba kiasi cha kutia wasiwasi, kigundishe kwenye kibao kwa gundi ya epoksi, uache ikauke siku nzima, uendelee. Kinoo cha milimita tano kilichoshikwa vizuri na mbao bado kina miaka mingi ya kazi.